SINIA LA FUTARI NA JAHAZI LA ISKANDARIA: NJIA ILIYOLETA CHAKULA NDIYO ILIYOLETA TAUNI



Ijumaa iliyopita, baada ya swala, kijana mmoja alinifuata kibarazani mwa msikiti akaniuliza swali ambalo nimelala nalo mpaka leo. Akasema: "Maalim, mbona maradhi makubwa yote yanatoka nje? Si bora hawa wafanyabiashara na wasafiri wangebaki kwao, nasi tukabaki kwetu?"

Nilimjibu kwa ufupi, kwani jua lilikuwa kali na kulikuwa na watu wanasubiri. Leo nataka nimjibu inavyostahiki, na wengine mnufaike. Andiko ni refu. Chukua kahawa yako, kaa, usome taratibu mpaka mwisho, maana mwishoni nina jambo langu mwenyewe ambalo sijapata kulisema hadharani.

1. TUANZE NA SINIA

Hebu likumbuke sinia la futari Ramadhani iliyopita. Kulikuwa na wali. Kulikuwa na ndizi za nazi. Pengine mchuzi wa biringani, na limau la kukamulia. Tende za kufungulia. Chai yenye sukari. Kahawa chungu ya wazee.

Sasa nikuulize: katika hivyo, kipi ni cha kwetu tangu mwanzo?

Mpunga huu wa wali asili yake ni Asia. Ndizi na nazi zilitoka kusini-mashariki ya Asia, zikavuka bahari pamoja na mabaharia. Muwa nao ulianzia huko, na Wahindi ndio waliojifunza mapema kuchemsha maji yake mpaka yakawa sukari. Biringani limetoka upande wa India. Limau na danzi yametoka Asia. Kahawa ilitoka kwa jirani zetu Wahabeshi, ikavuka kwenda Yemen, na huko katika karne ya 15 masufi waliinywa ili wakeshe katika dhikri. Hata neno "pamba" tunalolitumia kila siku ni la Kiajemi.

Hiki chakula unachokiita cha kiasili kimefika kwa jahazi na ngamia, na kwa miguu ya watu ambao wengi wao majina yao hayajulikani.

Na wala si jambo la jana. Ibn Battuta, mwanachuoni na msafiri kutoka Tanja, alipita pwani hii mwaka 1331. Alipofika Mogadishu aliandalia chakula katika nyumba ya wageni. Ameeleza kuwa alipewa wali uliopikwa kwa samli, juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Na pembeni ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya limau, na tangawizi mbichi, na maembe. Kisha akashuka Mombasa, akalala usiku mmoja, akaendelea hadi Kilwa. Karibu miaka 700 imepita, na ukialikwa nyumba nyingi za pwani leo utakuta chakula kinachofanana na kile. Wachimbaji wa mambo ya kale nao wamekuta punje za mpunga Pemba, katika miji iliyokuwapo kabla Ibn Battuta hajazaliwa.

Wala Afrika haikuwa ya kupokea tu. Mtama ulitoka barani kwetu ukafika India zamani sana, na katika zama za Waislamu ulilimwa mpaka Andalus. Tikiti maji nalo asili yake ni Afrika. Kwa hiyo tulipewa, na tukatoa.

2. NJIA ZENYEWE

Allah Subhanahu wa Ta'ala katika Suratul Quraysh aliwakumbusha Maquraysh neema ya misafara miwili, ya kipupwe na ya kaskazi kwa lugha ya pwani yetu, yaani ya msimu wa baridi na msimu wa joto. Tazama alivyounganisha: wamwabudu Mola wa Nyumba hii, aliyewalisha wakati wa njaa na akawapa amani wakati wa hofu. Msafara, chakula na usalama vimewekwa mahali pamoja. Mwenye kuzingatia na azingatie.

Baada ya Uislamu kuenea, kulikuwa na nchi kubwa iliyounganishwa kwa njia, kutoka Andalus magharibi hadi mipaka ya China mashariki. Kulikuwa na njia ya nchi kavu ya Asia ya Kati, ambayo hariri ilipita. Kulikuwa na njia ya jangwa la Sahara, ya chumvi na dhahabu. Kulikuwa na bahari yetu hii, ambapo pepo za kaskazi huwaleta watu kutoka Uarabuni na India, na pepo za kusi huwarudisha. Na juu ya zote kulikuwa na njia ya Hija, iliyowakutanisha kila mwaka mkulima wa Khurasani na mkulima wa Fas, mahali pamoja, kwa lugha moja ya ibada.

Katika njia hizi mbegu zilitembea. Muwa ulitoka India ukafika Uajemi, ukastawi Khuzistan, ukaenda Misri, ukavuka hadi Sisilia na Andalus. Mpunga, pamba, danzi, limau, biringani na spinachi vilifuata njia hiyo hiyo. Ukitaka ushahidi ulio hai, sikiliza Wahispania wanavyozungumza mpaka leo. Sukari wanaiita azúcar, kutokana na as-sukkar. Mchele wanauita arroz, kutokana na ar-ruzz. Pamba wanaiita algodón, kutokana na al-qutn. Biringani ni berenjena, kutokana na badhinjan. Hata mfereji wa kumwagilia wanauita acequia, kutokana na as-saqiya. Dola ya Waislamu iliondoka Andalus mwaka 1492, lakini maneno yamebaki shambani na jikoni.

Kuna kisa kimoja nakipenda. Abdulrahman wa kwanza, aliyeitwa ad-Dakhil, alinusurika ukoo wake wa Bani Umayya ulipochinjwa huko Sham. Alikimbia mpaka Andalus, akashika utawala mwaka 756. Nje ya mji wa Qurtuba akajenga bustani, akaiita Rusafa, jina la kasri ya babu yake Hisham iliyokuwa Sham. Akaleta mitende. Akaletewa na komamanga za Sham, zikapandwa, na zikaenea nchini. Mtu aliyepoteza wengi wa jamaa zake alianza maisha upya kwa kupanda miti ya kwao katika ardhi ya ugenini. Ndugu yangu unayeishi mbali na kwenu, huko Ghuba au Ulaya, naamini unaifahamu hali hiyo.

Na wanavyuoni hawakudharau jembe. Ibn Bassal wa Tulaytula, mji unaoitwa leo Toledo, aliandika kitabu cha kilimo katika karne ya 11. Ibn al-Awwam wa Ishbiliya, yaani Sevilla, aliandika kingine katika karne ya 12, akaeleza mamia ya mimea: udongo gani unafaa, mbolea ipi, na maji kiasi gani. Waliisadiki ile hadithi ya Mtume wetu (S.A.W) inayotufundisha kuwa Muislamu akipanda mti au mmea, kisha akala humo mtu au ndege au mnyama, basi huwa ni sadaka yake.

Lakini tusijipe sifa isiyokuwa yetu. Mwanahistoria Andrew Watson alipoandika mwaka 1983 kwamba Waislamu walileta mapinduzi ya kilimo, wenzake wengine walimjibu kuwa baadhi ya mazao hayo yalijulikana kwa Warumi na Waajemi kabla ya Uislamu, na baadhi ya mifereji ilikuwapo. Hoja yao ina uzito. Linalobaki ni kwamba katika zama zile mazao haya yalienea mapana zaidi, yakapata maji, vitabu na masoko. Kusema kweli hakutupunguzii heshima.

Na jambo jingine la kusema kweli. Njia ile ile ilibeba watu katika minyororo. Katika mabwawa ya chumvi karibu na Basra, watumwa wengi walioitwa Zanji, jina ambalo Waarabu waliwaita watu wa upande wetu huu wa bahari, walilazimishwa kukwangua udongo wa chumvi ili ardhi ifae kwa kilimo. Mwaka 869 waliinuka, na vita vyao vilidumu miaka 14, mpaka 883. Tunapoihesabu neema ya njia, tuhesabu na dhulma iliyopita humo. Allah si mwenye kusahau.

3. MWAKA AMBAO NJIA ILIGEUKA

Sasa tuingie katika upande wa pili.

Mwaka 2022 wataalamu walitangaza matokeo ya uchunguzi wa makaburi yaliyo karibu na ziwa Issyk-Kul, huko Kirgizistan, katika njia ya kale ya misafara. Makaburi mengi yalikuwa ya miaka miwili tu, 1338 na 1339, na baadhi ya mawe yake yameandikwa kuwa aliyelala hapo alikufa kwa tauni. Walipochunguza meno ya maiti walikuta athari za kijidudu cha tauni.

Miaka saba hivi baadaye, 1346, maradhi yalikuwa yamefika Bahari Nyeusi. Jeshi la Wamongolia lilikuwa limeuzingira mji wa Kaffa, bandari ya wafanyabiashara wa Genoa. Tauni ikalishika jeshi, ikaingia mji. Kutoka bandari zile zilitoka meli za nafaka, ngozi na watumwa, kwenda Constantinople, kwenda Sisilia, na kwenda Misri.

Vuli ya 1347, sawa na mwaka 748 Hijria, tauni ilifika Iskandaria. Mwanahistoria wa Misri, al-Maqrizi, amesimulia habari ya jahazi moja lililoingia bandari ile. Lilikuwa na wafanyabiashara 32, na jumla ya watu waliokuwamo, pamoja na mabaharia na watumwa, walikuwa 300. Lilipotia nanga walikuwa hai wafanyabiashara 4, mtumwa 1 na mabaharia wapatao 40. Na hao nao wakafa hapo hapo Iskandaria.

Hebu simama kidogo katika gati ile. Wachukuzi wamesubiri mzigo kama kawaida. Mwenye duka amesubiri bidhaa yake. Mtu mmoja amesubiri ndugu yake. Jahazi likaja.

Kutoka hapo maradhi yalipanda mto Nile. Kairo, mji mkubwa kuliko yote katika nchi za Waislamu wakati ule, ilifikia kilele cha msiba mwishoni mwa 1348. Majeneza yalikwisha, watu wakabebwa juu ya milango na mbao. Ghaza ilipigwa, Dimashq ikapigwa, Halab ikapigwa. Mwanachuoni Ibn al-Wardi wa Halab aliandika habari za tauni ile, kisha mwaka 1349 naye ikamuua. Waandishi wa zama zile wameandika kuwa ilifika hata Makka pamoja na watu wa Hija, na jambo hilo likawashughulisha sana maulamaa. Huko Tunis kijana wa miaka 17 alifiwa na baba na mama na wengi wa walimu wake. Kijana huyo ni Ibn Khaldun. Alipokuja kuandika Muqaddima yake miaka karibu 30 baadaye, aliandika kama mtu aliyeona dunia moja ikifa na nyingine ikizaliwa.

Na Ibn Battuta, yule tuliyemwacha Kilwa? Mwaka 1348 alikuwa anarudi kutoka mashariki, akapita Sham katikati ya msiba. Dimashq alipata habari kuwa baba yake alikwishafariki miaka 15 nyuma. Akaendelea kurudi nyumbani. Alipokaribia, akiwa mji wa Taza, akaambiwa kuwa mama yake amekufa kwa tauni. Alikula maembe na ndizi njia nzima ya dunia, na njia ile ile ilimtangulia kufika nyumbani kwao.

Inakadiriwa kuwa theluthi ya watu wa Misri na Sham walikufa, na wapo wanaosema zaidi. Ulaya nayo ilikuwa hivyo au mbaya zaidi.

4. GUNIA LA NAFAKA

Kwa nini njia? Wenyewe hawakujua. Kijidudu cha tauni kiligunduliwa na Alexandre Yersin huko Hong Kong mwaka 1894, na miaka minne baadaye Paul-Louis Simond, akiwa Karachi, alionyesha kuwa kiroboto ndiye anayekitoa kwa panya na kukitia kwa mtu. Kiroboto akimuuma mtu, mitoki inavimba kinenani na kwapani, homa inapanda, na bila dawa wengi hufa ndani ya siku chache. Leo tunashukuru, tauni inatibika kwa antibiotiki ikiwahiwa.

Na panya wa melini anafuata nini? Anafuata nafaka. Hapa ndipo nataka kijana wangu afungue macho. Chakula na maradhi havikuja katika misafara miwili tofauti. Gunia lililomshibisha mtu wa Iskandaria ndilo lililombeba panya. Ukitaka gunia lisije, huna tauni, na huna mkate.

Kisha maradhi yakageuka yakalirudia shamba lenyewe. Kilimo cha Misri kilitegemea mifereji ya Nile na mitaro inayozibuliwa kila mwaka kwa mikono ya watu wengi. Mikono ilipokufa, mifereji ikajaa tope. Al-Maqrizi anaeleza kuwa mavuno yalisimama mashambani bila mvunaji, mpaka askari waliomiliki ardhi wakatoka wenyewe na watumishi wao, wakawaita watu waje wavune kwa kupewa nusu, na bado hawakupata watu. Tauni iliendelea kurudi Misri mara kwa mara kwa miaka mingi, na nchi iliyokuwa ghala la dunia haikurudia upesi hali yake.

Na sisi hatukuwa mbali na kanuni hii. Si zama zile tena, lakini tazama kipindupindu cha karne ya 19. Mwaka 1865 kilizuka Makka wakati wa Hija na kikasambaa na mahujaji. Mwaka 1869 kikafika pwani yetu kikitokea bara, kwa njia za misafara ya biashara, kikaiangamiza Unguja mpaka 1870. Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu Unguja wakati ule, alikusanya habari kwa wasafiri na wafanyabiashara, na mwaka 1876 akatoa kitabu kinachoonyesha kuwa kipindupindu kilifuata barabara za biashara kituo kwa kituo.

5. WALIFANYA NINI WALIOTUTANGULIA?

Mwaka 18 Hijria, sawa na 639, tauni ilizuka Amwas, huko Palestina. Sayyidna Umar (R.A) alikuwa njiani kwenda Sham. Alipofika mahali panapoitwa Sargh, viongozi wa jeshi, akiwamo Abu Ubayda (R.A), walikuja kumpa habari. Umar akawashauri Muhajirina, wakatofautiana. Akawashauri Ansari, wakatofautiana. Akawashauri wazee wa Quraysh, wakakubaliana kwa kauli moja kuwa arudi na watu. Akaamua kurudi. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia qadari ya Allah. Umar akamjibu kuwa anaondoka katika qadari ya Allah kwenda katika qadari ya Allah, akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyefika bonde lenye pande mbili, moja ina majani na moja kavu: popote atakapolisha amelisha kwa qadari. Kisha akaja Abdulrahman bin Auf (R.A) na ilimu aliyoisikia kwa Mtume (S.A W): mkisikia tauni ipo katika nchi msiingie, na ikizuka mlipo msitoke kwa kuikimbia. Umar akamhimidi Allah, akarudi.

Abu Ubayda alibaki na watu wake, na tauni ikamuua. Muadh bin Jabal naye. Kisha Amr bin al-As akawatoa watu mjini akawatawanya milimani, mpaka maradhi yakapungua. Allah awaridhie wote.

Zingatia kuwa katazo lile lina pande mbili. Usiingie, ujilinde wewe. Usitoke, uwalinde wengine. Upande wa pili ndio mgumu, kwa sababu unamtaka mtu abaki na hatari ili njia isimbebe kumpeleka kwa asiye na habari. Zaidi ya miaka 700 baadaye, mwaka 1377, mji wa Dubrovnik uliamuru wageni kutoka nchi zenye tauni wakae pembeni siku 30, na baadaye zikawa 40. Kutoka kwenye neno la Kiitaliano la arubaini ndiyo tumepata "karantini". Sisemi waliiga kwetu. Nasema kuwa sisi tulikuwa nayo, na mara nyingi hatukuifanyia kazi.

Maana walitofautiana. Ibn al-Khatib wa Gharnata aliandika kuwa kuambukiza kumethibiti kwa uzoefu na kwa macho: vazi au chombo cha mgonjwa kinapeleka maradhi nyumba nyingine, na waliojitenga wanasalimika. Wengine walishika dhahiri ya hadithi inayokanusha kuambukiza, ingawa wanavyuoni wengi wameieleza kuwa inakanusha maradhi kuwa na nguvu yenyewe bila ya Allah, kwani Mtume huyo huyo (S.A.W) ameamrisha ngamia mgonjwa asipelekwe kwa ngamia mzima.

Dimashq mwaka 1348 watu walifunga siku tatu, wakakesha katika msikiti wa Bani Umayya, kisha wakatoka kwa miguu mitupu na misahafu mikononi, wakubwa kwa wadogo. Mayahudi wakatoka na Taurati yao na Wakristo na Injili yao, wote wakilia. Ibn Battuta aliwaona, na akaamini kuwa Allah aliwapunguzia.

Lakini nisikilize habari nyingine. Ibn Hajar al-Asqalani unamjua, ndiye mwenye Bulughul Maram tuliyoisoma madrasa na Fat-hul Bari. Tauni ilimuua binti zake wawili, Fatima na Aliya, mwaka 819 Hijria, na mwaka 833 ikamuua binti mwingine, Zayn Khatun, akiwa mjamzito. Akaandika kitabu kizima juu ya tauni. Yeye hakuikubali hoja ya kuambukiza kama tuijuavyo leo. Hata hivyo aliandika alichokiona kwa uaminifu. Anasema mwaka 833 tauni ilipoanza Kairo, waliokufa kwa siku hawakufika 40. Ikatangazwa watu wafunge siku tatu na watoke jangwani kwa pamoja kuomba, kama katika swala ya kuomba mvua. Wakatoka, wakakusanyika, wakarudi. Kabla ya mwezi kwisha, waliokufa kwa siku walipindukia 1,000.

Baba aliyefiwa na mabinti, na mwanachuoni mkubwa wa zama zake, hakuificha hesabu ile kwa sababu haikupendeza masikioni.

6. JAMBO LANGU

Sasa nilitimize nililoahidi.

Mwaka 2015, kipindupindu kilipoenea, alifariki mzee mmoja mtaani kwetu. Bwana afya alinijia nyumbani, kijana mpole, akaniomba tuahirishe karamu ya hitima kwa wiki mbili. Tusome majumbani, alisema, tusile pamoja. Nilimkatalia. Na sikumkatalia kwa adabu. Nilisema mbele ya watu kuwa sisi tuna dua, na mwenye hofu abaki kwake. Watu wakaitikia takbira. Nami, Allah anisamehe, nilifurahi kuitikiwa.

Tukasoma. Tukanawa mikono katika beseni moja lililopitishwa safu kwa safu. Tukala.

Siku ya tatu wakaanza kuugua. Muadhini wetu, mzee aliyenifundisha mimi kuadhini nikiwa mtoto, alikuwa miongoni mwao. Hakumaliza usiku wa pili. Siwezi kusema kwa yakini kuwa ni beseni lile. Wala siwezi kusema kuwa silo.

Nilipokuja kuisoma habari ile ya Ibn Hajar, miaka kadhaa baadaye, nilifunga kitabu nikatoka nje. Hesabu ilikuwa imeandikwa kabla yangu kwa karibu miaka 600, katika kitabu cha mwandishi ambaye nilikuwa nikimtaja mimbarini kila mwezi. Nilikuwa nabeba jina lake bila kubeba funzo lake.

7. MAFUNZO

Kwanza: njia ni neema na ni mtihani. Haiwezekani kupokea wali na kuilaani bahari. Anayesema wageni ndio maradhi, aanze kwa kuondoa sinia lake mezani.

Pili: usimtuhumu mtu kwa maradhi. Ulaya mwaka 1348 na 1349 waliwazushia Mayahudi kuwa wametia sumu visimani, wakawachoma moto, na tauni ikaendelea kuwaua wachomaji. Panya hana dini wala kabila.

Tatu: kujikinga ni katika qadari, kama alivyotufundisha Sayyidna Umar. Na mkusanyiko si dua. Dua ni moyo na ulimi, na Allah anakusikia ukiwa chumbani kwako.

Nne: ukiwa mgonjwa, zuia njia yako. Usisafiri, usipeane mkono, usije msikitini. Swala yako nyumbani kwa nia ya kuwalinda wenzako nayo ni ibada.

Tano, na hili ni kwetu maimamu: mtaalamu akija na ilimu yake, tumpe kiti. Umar, aliyekuwa Khalifa, alishauri makundi matatu kabla ya kuamua. Mimi sikushauri hata mtu mmoja.

Basi kijana wangu, jibu lako ni hili: hatuwezi kubaki kwetu, kwa sababu "kwetu" penyewe pameletwa na jahazi. Tunachoweza ni kusimama vizuri gatini: kupokea gunia, kumwangalia panya, kumhudumia aliyeshuka mgonjwa, na kuwaambia watu ukweli.

Ewe Mola wetu, mrehemu muadhini wetu na wote waliokufa kwa tauni na kipindupindu, uwaandikie daraja ya mashahidi. Utusamehe tuliyoyasema kwa kiburi tukadhani ni imani. Utubarikie chakula chetu, na uilinde miji yetu. Aamin.

Mwenye nyongeza au sahihisho alilete kwa adabu, nitalipokea. Sambaza, huenda akanufaika imamu mwenzangu kabla hajapitisha beseni.

Wallahu a'lam.